Hercules, Prometheus, Orpheus au Venus: uanze na yupi kuwasoma wahumanisti?

Mahali pa kuanzia pakikosewa, somo hili humchosha mtu kabla hajafika popote. Wahusika wa visasili vya Ugiriki na Roma ni mamia, na wahumanisti wa Renesansi, wasomi wa Ulaya waliofufua elimu ya kale, waliwagusa karibu wote. Giovanni Boccaccio peke yake aliwapanga kwa koo na vizazi katika vitabu 15 vya Genealogia deorum gentilium, kazi aliyoianza karibu na 1350 kwa ombi la Hugo wa Nne, mfalme wa Kupro, na akawa anaisahihisha mpaka alipofariki 1375. Ukijaribu kuwafuata wote utabaki na orodha ya majina na huna hoja. Njia inayolipa ni kumshika mmoja, ukamfuata kutoka mwandishi hadi mwandishi kwa miaka mia mbili na zaidi, ukaona anavyogeuka mikononi mwao.

Tunawaweka hapa wanne kando kwa kando: Hercules, shujaa wa kazi ngumu; Prometheus, aliyeiba moto wa miungu; Orpheus, mwimbaji; na Venus, mungu wa mapenzi. Mwenye haraka achukue hili: anayeanza amshike Hercules, anayetaka kuandika insha yenye ubishi amshike Prometheus, mwenye muziki au theolojia atafurahi na Orpheus, Venus asubiri. Wengi huanza na Venus kwa sababu wameziona picha za Botticelli, na hao ndio wanaokwama mapema.

Wanachofanana kabla hatujawatenganisha

Wahumanisti walikuwa wasomi wa sarufi, balagha, ushairi, historia na falsafa ya maadili, na wengi waliandika Kilatini. Kwa hiyo majina utakayokutana nayo ni ya Kilatini: Zeu na Herme, wanaotajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 14, kwao ni Jupiter na Mercurius. Usipozoea hilo mapema utadhani unasoma habari za watu wengine.

Imani yao ya msingi haitamshangaza msomaji aliyelelewa na mashairi ya mafumbo. Kisa kina ganda na kiini. Ganda ni la kila mtu, kiini ni cha mwenye kung'amua. Boccaccio anaonyesha jinsi ya kubangua kwa kisa cha Perseus, aliyemuua Gorgon kisha akaruka angani akiwa mshindi. Ukikichukua kama kilivyo, ni hadithi. Kimaadili, ni mwenye hekima aliyeushinda uovu akaufikia wema. Kwa istiara, ni moyo mchaji unaozipa kisogo anasa za dunia na kupaa kwenye ya mbinguni. Kwa maana ya juu kabisa, ni Kristo aliyemshinda mkuu wa ulimwengu huu akapaa kwa Baba. Mwenyewe anaonya kwamba hatatoa maana zote kila mara, na kweli hatoi. Juu ya hizo kuna usomaji wa Euhemerus, kwamba miungu walikuwa wafalme na mashujaa waliotukuzwa baada ya kufa, na usomaji wa kimaumbile, kwamba miungu ni moto, hewa, bahari, sayari.

Tofauti na fumbo letu ni moja, nayo ni kubwa. Malenga anayefumba anajua alichokificha. Mhumanisti anafumbua kitu ambacho huenda mwandishi wa kale hakukificha kabisa. Wao wenyewe walilijua hilo: katika utangulizi wa Gargantua, miaka ya 1530, Rabelais anamuuliza msomaji kwa kejeli kama kweli anaamini Homer aliwahi kuwaza istiara zote alizobandikwa. Basi unapomlinganisha mwandishi na mwandishi, swali lako liwe kwa nini huyu alihitaji maana hii, mwaka huu, mji huu. Ukianza kuuliza kama maana hiyo ni ya kweli, umeshatoka njiani.

Hercules: mwalimu mzuri wa anayeanza

Kinachomfanya Hercules awe mwepesi ni kwamba habari zake zimegawanyika vipande vidogo. Kila kazi ina mnyama wake, silaha yake na mahali pake, na kila kipande kinafasiriwa peke yake. Unaweza kuchukua kipande kimoja tu ukafanya kazi kamili.

Chukua Antaeus. Ni jitu, mwana wa Dunia. Kila mwili wake unapogusa udongo, mama yake humrudishia nguvu. Hercules anatambua, anamnyanyua juu na kumbana kifuani mpaka pumzi inakatika. Fulgentius, mwandishi wa mwisho wa zama za kale, alishasema kwamba Antaeus ni tamaa ya mwili: imezaliwa na udongo, na hushindwa tu inapotengwa na udongo. Wahumanisti walirithi ufunguo huo. Ukitaka kuuona umekuwa kitu cha kushikika, itazame sanamu ya shaba ya Antonio del Pollaiuolo iliyopo katika makumbusho ya Bargello, Florence, ya miaka ya 1470 hivi. Ni ndogo, kama sentimita 45 tu kwa kimo. Antaeus ameachama, miguu yake inapiga hewani, na kwa mkono anasukuma kichwa cha Hercules. Hercules ameinamisha mgongo nyuma kama mtu aliyebeba gunia zito kupita kiasi. Ushindi wa akili juu ya mwili, lakini ukiutazama unaona mwili mtupu. Mvutano huo unatosha kuwa mada ya insha.

Mtu wa kumsoma hapa ni Coluccio Salutati, kansela wa Florence kuanzia 1375 hadi alipofariki 1406. De laboribus Herculis ilianza kama barua kuhusu swali gumu katika tamthilia ya Seneca: inawezekanaje mtu aliyemuua mkewe na watoto wake ahesabiwe miongoni mwa miungu? Barua ikafutuka mpaka vitabu vinne, na haikumalizika. Kitabu cha kwanza ni utetezi wa ushairi, na ni sehemu ya ubishi ule ule ambao mtawa Giovanni Dominici aliuingia kwa Lucula noctis, 1405, dhidi ya kuwafundisha Wakristo vitabu vya wapagani, akamwelekezea Salutati mwenyewe. Usiruke kitabu hicho cha kwanza kwa kuwa hakina Hercules. Bila hicho hutajua kwa nini kansela mwenye shughuli za serikali alipoteza miaka akifasiri mambo ya nyoka na nguruwe mwitu.

Hercules ana sura nyingine mbili za kulinganisha na hiyo. Ya kwanza ni Hercules wa njia panda, kijana anayeitwa na Wema upande mmoja na Anasa upande wa pili. Kisa ni cha Prodicus, mwalimu wa Ugiriki ya kale, kimehifadhiwa na Xenophon, na Cicero wa Roma anakitaja katika De officiis. Petrarca alikirudisha kwenye mjadala katika De vita solitaria. Angalia kosa dogo la kawaida: kwa Xenophon wanawake wawili wanamjia Hercules aliyekaa faraghani akiwaza. Njia panda yenye umbo la herufi Y ni alama ya Wapythagora, wafuasi wa mwanafalsafa Pythagoras, iliyounganishwa na kisa hicho. Ukiona Y, jua mikondo miwili imekutana.

Ya pili ndiyo inayochekesha. Lucian, mwandishi wa Kigiriki wa zama za Roma, alisimulia kwamba Wagalia, wenyeji wa kale wa nchi ya Ufaransa, walimchora Hercules akiwa mzee mwenye kipara, ngozi imeungua kwa jua, na bado amevaa ngozi ya simba na kushika rungu. Nyuma yake watu wengi wanafuata wakiwa wamefungwa masikioni kwa minyororo myembamba ya dhahabu na kaharabu, na ncha za minyororo hiyo zimepita kwenye ulimi wake uliotobolewa. Hakuna anayevuta kujinasua. Minyororo imelegea, wanamfuata kwa furaha. Nguvu imekuwa ufasaha. Kwa wasomi ambao kazi yao ilikuwa kuandika barua na hotuba za wakuu, hii ilikuwa zawadi: Andrea Alciato akaiweka katika mkusanyiko wake wa picha zenye mafumbo, na 1549 Henri wa Pili, mfalme wa Ufaransa, alipoingia Paris kwa shangwe, kwenye tao la lango la Saint-Denis alisimama Hercules huyo wa Wagalia akiwa na sura ya marehemu baba yake, François wa Kwanza.

Erasmus aliivuta kamba kwake mwenyewe. Katika Adagia, mkusanyiko wake wa misemo ya kale, chini ya msemo wa kazi za Hercules, anasema kama kuna taabu inayostahili jina hilo ni ya wanaofufua maandiko ya kale, na hydra, yule nyoka mwenye vichwa vingi, ni husuda inayowaandama.

Yanayoharibika kwa Hercules ni mawili. Usishikilie kazi 12. Boccaccio anahesabu 31, kwa hiyo ukikuta kazi usiyoijua usidhani mwandishi kakosea. Pia wa kale wenyewe walisema walikuwapo Hercules wengi. Cicero anataja sita. Wahumanisti walichukua mwanya huo kumhamishia mmoja matendo ya mwingine. Na kwa msomaji wa tenzi: Herekali wa Utenzi wa Tambuka si huyu. Yule ni Heraclius, kaisari wa Bizanti, ingawa jina lake lilitokana na la Hercules.

Prometheus: ndege mmoja, maana nne

Matini yake ni mafupi kuliko ya Hercules, na ndiyo nafuu yake. Hesiod anasimulia wizi wa moto na adhabu yake: kufungwa na kuliwa ini na ndege. Ovid, katika mistari michache ya kitabu cha kwanza cha Metamorphoses, anamtaja akimfinyanga mtu kwa udongo na maji. Hapo hapo kuna jambo la kuangalia kabla hujaandika neno. Prometheus wa Aeschylus, yule mkaidi anayemtukana Jupiter akiwa kwenye mwamba, alichapwa kwa Kigiriki mara ya kwanza 1518 na kiwanda cha uchapaji cha Aldus mjini Venice. Boccaccio hakuwa naye. Muasi mkuu dhidi ya mbingu tunayemjua sote ni wa washairi wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Ukimbebesha Ficino, mwanafalsafa wa Florence tutakayemfikia punde, muasi huyo, insha yako yote imepinda kuanzia msingi.

Sasa fanya hivi: acha moto, mfuate ndege anayekula ini. Andika kila mwandishi anasema ndege ni nini.

Boccaccio anao Prometheus wawili. Wa kwanza ni Mungu wa kweli, aliyemuumba mtu kutoka udongo. Wa pili ni msomi aliyemwachia nduguye Epimetheus mambo ya nyumbani, akaenda kwa Wakaldayo kusoma, kisha akapanda Caucasus kuchunguza nyota. Aliporudi aliwakuta watu wakiishi kama wanyama, akawafanya watu wa mjini, wenye adabu na sheria. Mtu wa asili anafinyangwa mara ya pili kuwa mtu wa jamii. Ndege ni fikra za juu zinazomsumbua mwenye kusoma.

Marsilio Ficino, miaka kama mia moja baadaye, anapeleka mwamba ndani ya nafsi. Moto ulioibwa ni akili. Kilele cha mlima ni kilele cha tafakuri, na huko juu ndiko Prometheus anakoteseka zaidi, maana ndege ni uchungu wa kuuliza usioisha. Ataponea wapi? Hapatikani dawa mpaka arudi kule moto ulikotoka. Ona tofauti: kwa Boccaccio elimu inashuka kwa watu, kwa Ficino inataka kupanda kurudi kwa Mungu.

Pietro Pomponazzi, katika De fato aliyoiandika 1520, anavunja daraja hilo. Prometheus ni mwanafalsafa anayetaka kuzijua siri za Mungu: halali, hali, hanywi, watu wanamcheka, anahesabiwa mpumbavu na mkufuru, wachunguzi wa imani wanamwandama. Hakuna pa kurudi. Kitabu hakikuchapwa mpaka 1567, alipokuwa amekwisha kufa zamani.

Alciato, ambaye picha zake za mafumbo zilitoka kwanza Augsburg 1531, anamgeuza kuwa onyo: yaliyo juu yetu hayatuhusu. Ndege ni malipo ya mwenye kujua kupita kiasi. Vitabu vya namna hii vilisomwa na watu wengi kuliko Ficino, kwa hiyo usidhani sauti ya kumtukuza Prometheus ndiyo iliyotawala.

Mwishoni kabisa mwa mkondo huu yupo Francis Bacon, De sapientia veterum, 1609. Kitabu kina visa 31, na cha Prometheus ndicho kirefu kuliko vyote. Kuna kipengele kimoja kinachopita macho ya wengi: binadamu, baada ya kupewa moto, wanamshtaki Prometheus kwa Jupiter, na Jupiter anapendezwa. Kwa Bacon hayo si utovu wa shukrani. Anayelalamikia upungufu wa elimu aliyo nayo ndiye atakayeisukuma mbele, na anayejisifu kwamba imekamilika ndiye anayeiua. Kisha anamaliza na mbio za mienge zilizokimbiwa kwa heshima ya Prometheus: elimu haikamilishwi na kasi ya mkimbiaji mmoja, hupokezanwa.

Kosa la pili la kawaida linahusu Giovanni Pico della Mirandola. Watu husema Prometheus ndiye alama ya binadamu katika hotuba yake ya 1486, ile iliyokuja kuitwa ya hadhi ya binadamu. Fungua hotuba: anayetajwa pale ni Proteus, yule mzee wa bahari anayejigeuza maumbo. Majina yanafanana, hoja hazifanani. Prometheus ana kitu alichopewa au alichoiba. Proteus hana umbo lake mwenyewe, na hicho ndicho Pico alichokitaka.

Kwa picha, Prometheus si tajiri. Mbao mbili za Piero di Cosimo, moja Munich na moja Strasbourg, zatosha.

Orpheus: huyu walimwamini

Kinachomtenga Orpheus na wenzake ni kwamba wahumanisti wengi walimchukulia kuwa mtu aliyeishi na kuacha maandishi. Hercules alifasiriwa, Orpheus alisomwa kama mwandishi, na hata kuimbwa. Ficino alitafsiri nyimbo za Kiorphiki, yaani nyimbo za miungu zilizodaiwa kuwa za Orpheus, karibu na 1462 na alikuwa akiziimba kwa kinanda cha nyuzi. Tafsiri yenyewe hakuichapisha, akieleza baadaye katika barua kwamba hakutaka aonekane anarudisha ibada ya miungu ya kale. Katika silsila yake ya wanatheolojia wa kwanza, Hermes Trismegistus, aliyeaminiwa kuwa mwenye hekima wa Misri ya kale, anatangulia, Orpheus anafuata, kisha Aglaophemus, Pythagoras, Philolaus, na mwisho Plato. Mwanzuoni wa Kiswahili hahitaji kuelezwa silsila ni nini wala uzito wake: elimu ina mnyororo wa walioipokea, na kiungo kimoja kikivunjika madai yote yanayumba. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1614 Isaac Casaubon alionyesha kwa hoja za lugha kwamba maandishi ya Hermes si ya kale kama yalivyodaiwa, na nyimbo za Kiorphiki nazo leo huwekwa katika zama za dola ya Roma.

Pico alitoa hoja 31 kuhusu nyimbo hizo kati ya hoja 900 alizotaka zijadiliwe hadharani, za mwaka 1486. Ni fupi na zimefungwa kwa makusudi, usianze nazo.

Sura ya pili ya Orpheus ni mstaarabishaji. Horace alisema kwamba wanyama aliowatuliza ni watu wakali waliokuwa wakiishi porini. Hapo anakutana uso kwa uso na Hercules wa Wagalia, na kama insha yako ni ya balagha, wawili hao wakae ukurasa mmoja: mmoja anavuta kwa ulimi, mwingine kwa wimbo. Sura ya tatu ni mume aliyeshuka kuzimu kumrudisha mkewe Eurydice, akageuka nyuma kinyume cha sharti, akampoteza. Boethius alishaifanya kuwa funzo la akili inayorudi kutazama ya dunia. Angelo Poliziano, katika mchezo wa kuimba ulioonyeshwa Mantua karibu na 1480, haleti funzo kama hilo. Orpheus wake analia, anawakana wanawake, na wafuasi wa kike wa Bacchus, mungu wa mvinyo, wanamrarua.

Mwenye muziki ana vipimo viwili vizuri vya kulinganisha. Katika Euridice, opera iliyochezwa Florence 1600 kwenye harusi ya Maria de' Medici, sharti la kutogeuka limeondolewa na mke anarudi salama, kwani nani alete msiba arusini? Katika Orfeo, opera ya Monteverdi, Mantua 1607, maneno yaliyochapwa mwaka ule yanaishia kwa wafuasi wa Bacchus, ila muziki uliochapwa 1609 unamleta Apollo kumpandisha mbinguni. Ukisema tu kwamba Monteverdi alimalizia hivi au vile bila kutaja ni chapa ipi, umekosea nusu.

Venus: kwa nini asubiri

Shida ya Venus si uchache wa mambo, ni wingi. Kwanza wako wawili. Plato katika Symposium anamweka Venus wa mbinguni, aliyezaliwa na Uranus bila mama, na Venus wa watu wote, binti wa Jupiter na Dione. Ficino, katika ufafanuzi wake wa kitabu hicho aliouandika 1469 na kuuchapisha 1484, anasema wa kwanza ni akili inayoutazama uzuri wa Mungu, wa pili ni nguvu ya kuzaa iliyomo katika roho ya ulimwengu. Wengi hukimbilia kusema mmoja mwema, mwingine mbaya. Ficino hasemi hivyo. Wote wawili ni wema, na kosa ni la mtu anayesimama kwa wa pili akasahau wa kwanza.

Kisha anatokea Venus wa tatu. Katika barua kwa kijana Lorenzo di Pierfrancesco de' Medici, aliyezaliwa 1463, Ficino anamwambia akaze macho kwa Venus, yaani Humanitas, utu. Anamchora kiungo kwa kiungo: roho na akili yake ni upendo, macho yake ni heshima na ukuu wa moyo, mikono yake ni ukarimu, miguu yake ni mwenendo mzuri na staha. Mungu wa mapenzi amekuwa mwalimu wa adabu za kijana wa nyumba kubwa.

Sasa simama mbele ya Primavera ya Botticelli, mchoro wa karibu na 1480, ambao orodha ya mali ya 1499 inauweka katika nyumba ya tawi hilo hilo la familia. Kulia kabisa Zephyrus, upepo wa magharibi, anamkamata Chloris, na maua yanamtoka mdomoni. Hiyo ni Fasti ya Ovid, kitabu cha tano, Chloris akigeuka kuwa Flora, mungu wa maua. Katikati Venus, kushoto Neema tatu, wale miungu-dada wa neema, na Mercurius. Kila kipande kina chanzo, na bado hakuna andiko moja la wakati ule linalosema mchoro mzima maana yake nini. Je, ni Venus-utu wa barua? Ni harusi? Ni majira? Neema tatu peke yao zinakutosha kuumwa kichwa: kwa Seneca ni kutoa, kupokea na kurudisha, kwenye medali ya Pico zimeandikwa Uzuri, Upendo, Furaha, kwenye medali ya Giovanna Tornabuoni maneno mawili ni yale yale, ila Furaha imeondoka na Usafi umeingia.

Ukilazimika kumchukua Venus, mchukue kwa maandishi, picha iwe nyongeza. Na jihadhari na majina ya picha. Ule mchoro wa Titian wa 1514 ulioko Galleria Borghese, Rome, unaoitwa Upendo Mtakatifu na Upendo wa Kidunia, ulipata jina hilo katika orodha ya 1693. Wengi huandika kurasa tatu wakilifasiri jina ambalo Titian hakulijua.

Kazi yenyewe, na kamusi ya kushika

Chora jedwali la safu tano: mwandishi, mwaka, chanzo cha kale alichokuwa nacho, kipengele anachokieleza, maana anayokipa. Mistari mitano au sita inatosha kwa insha ya kurasa kumi. Safu ya tatu ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayokuokoa: mwandishi hawezi kufasiri asichokisoma. Kwa Hercules jedwali linajaa kwa siku mbili tatu. Kwa Prometheus tegemea wiki, kwa sababu Pomponazzi na Ficino lazima uwasome kwa utulivu. Kwa Venus utafuta sana.

Kamusi za miungu walizotumia wenyewe nazo huchaguliwa kwa kazi. Boccaccio ni wa nasaba, na vitabu vyake vya mwisho, cha 14 na cha 15, vina utetezi wa ushairi unaosomeka hata leo. Ana ajabu zake: mzee wa miungu yote kwake ni Demogorgon, ambaye kwa kawaida huelezwa kuwa alizaliwa na neno la Kigiriki lililoharibika mikononi mwa wanakili. Lilio Gregorio Giraldi, Basel 1548, ni wa majina na lakabu, makini, mkavu. Vincenzo Cartari, Venice 1556, anaeleza kwa Kiitalia jinsi kila mungu anavyoonekana, mavazi na vitu vya mkononi, na chapa ya 1571 ina picha. Natale Conti, 1567, ndiye wa maana: vitabu 10, na cha mwisho kinarudia visa vyote kwa kutoa maana zake tu. Kama una nafasi ya kimoja, na mhusika wako ni Hercules au Prometheus wa karne ya 16, chukua Conti.

Ila angalia miaka. Botticelli alichora miaka ya 1480, Cartari akatoka 1556. Vitabu vingi vya kupendeza vya picha humtumia wa pili kumweleza wa kwanza, na mwalimu anayejua atakikata kipengele hicho kwa kalamu nyekundu.